Kitabu cha Nyumba Hii

Nyakio aliyaona matofali kabla hajamwona mumewe. Yalikuwa yametupwa juu ya matuta yake ya viazi, nje ya ukuta wa sebule, mengine mazima, mengine vipande, yote meusi upande mmoja kwa masizi ya moto waliouota watu wengine kwa miaka hamsini. Mkononi alikuwa na kopo la puti aliyotoka kuinunua mjini Eldoret, ya kubandikia kioo cha mwisho cha dirisha la mwisho. Aliliweka kopo chini taratibu, akapanda ngazi za veranda, akaingia. Kabiru alikuwa amepiga magoti mbele ya mahali pa moto, sururu kando yake, mkono mmoja umezama ndani ya dohani hadi begani. Alikuwa akipapasa.

 Hasira ya Nyakio haikuwa ya kelele. Ilikuwa ya kusimama kimya huku shingo ikipata moto. Aliutazama ukuta. Tangu Jumapili ulikuwa mweupe, ameupaka chokaa kwa mkono wake, tabaka tatu. Sasa ulikuwa na tundu la kupitisha ndama, na kupitia tundu lile aliweza kuona viazi vyake, ua wa misonobari, na kipande cha mbingu chenye mawingu ambayo hakuyapenda. Ilikuwa Jumatano. Kamati ya kukagua nyumba ilikuwa ije Jumamosi.

Akamuuliza anatafuta nini.

"Unajua ninachotafuta," Kabiru alisema bila kugeuka. "Wewe ndiye ulisema kiko hapa."

Nyakio alimwambia hajasema neno kama hilo maishani mwake. Kabiru akautoa mkono, mweusi kama makaa, akasema kwamba alimsikia kwa masikio yake mwenyewe Jumanne alasiri, akisoma kutoka kwenye kile kitabu cha mzungu kwamba kuna kitu kimefichwa nyuma ya chimni ya nyumba hii. Alikuwa amemwendea Mwenyekiti wa kampuni ya ardhi asubuhi ili asije akaitwa mwizi wa mali ya kampuni. Mwenyekiti alikuja na watu wawili, akasema waanze kuvunja. Walipochoka wakaenda zao, na kitabu wakaenda nacho.

Ni aibu kulisema, lakini kilichomuuma Nyakio kwanza hakikuwa ukuta. Kilikuwa kitabu. Alikuwa amebakiza sura moja.

Nyumba yenyewe iliwaangukia kwa kura. Miaka miwili kabla ya hapo, katika mwaka wa 1966, kampuni yao ya kununua ardhi ilipolichukua shamba la mzungu upande wa Kapseret, ramani ilikatwa vipande arobaini, namba zikaandikwa kwenye karatasi, karatasi zikatiwa ndani ya kofia ya Mwenyekiti Zachariah. Kabiru akavuta namba saba, na namba saba ndiyo iliyokuwa na nyumba. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Watu waliokuwa wamelala pamoja kwenye banda la ng'ombe wakingoja kupimiwa hawakukubali mmoja wao aamke ana veranda. Wakasema ardhi ni ya aliyeivuta, lakini nyumba ni ya kampuni: mabati yagawanywe, milango igawanywe, mbao za sakafu zigawanywe, kila mwanahisa abebe fungu lake. Nyumba nyingi za namna ile zilikwenda hivyo. Ukipita shamba la jirani ungeona mlango mzuri wa vioo umefungia mbuzi.

Kabiru alikuwa tayari kukubali. Yeye ni mtu wa kukubali; ndivyo alivyozipitia kambi na vijiji vya hali ya hatari ya wakoloni akatoka mzima, na Nyakio hakumlaumu kwa hilo, isipokuwa siku kama ile. Aliyesimama mkutanoni ni Nyakio. Alisema nyumba ina umri mkubwa kuliko wengi waliomo humu, na mtu haivunji bila kujua kama inaweza kukalika. Aliomba muda hadi masika ya 1968. Wazee walicheka, lakini Zachariah alikuwa mtu wa kupenda kuandika, akaandika kwenye daftari lake la mikutano: ikifika masika na nyumba haivuji, isimame na iwe ya namba saba, ikivuja hata tone, ivunjwe siku hiyo hiyo.

Basi Nyakio akawa mtu wa kupanda paa. Kabiru alimshikia ngazi, hilo ni kweli, lakini aliishika akiangalia pembeni, kwa kuogopa wapita njia. Nyakio alibadilisha misumari, akaziba matundu ya mabati kwa lami, akaunyoosha mfereji wa maji. Na katika kuhamisha kabati la stoo, akakiona kitabu. Hakikuwa na jalada, panya walikuwa wamekula pembe zake, na jina lake lilikuwa limekwenda na jalada. Nyakio alikuwa amefika darasa la saba katika shule ya misheni kabla shule haijafungwa, na Kiingereza chake kilikuwa cha kutembea polepole. Alifungua ili ajue kama kinafaa kuwashia moto.

Kilikuwa hadithi ya mwanamke aitwaye Harriet, aliyeachiwa na shangazi yake nyumba mbovu kando ya bahari yenye baridi. Harriet hana mume wala akili ya mambo ya ujenzi, lakini ana kiburi, na Nyakio alimpenda kwa ajili ya kiburi hicho tangu ukurasa wa pili. Anamwajiri seremala, Tomasi, mtu wa maneno machache na vidole virefu. Wanaanza kuitengeneza nyumba, mlango kwa mlango. Na kila wanapotengeneza, kuna mtu anayekuja wakiwa hawapo na kung'oa tofali moja kutoka kwenye dohani. Tofali moja tu, kila mara. Harriet anaanza kumpenda Tomasi na kumshuku Tomasi katika wiki moja, na mwandishi, Mungu amsamehe, anamwacha msomaji akihangaika hivyo kurasa mia mbili.

Nyakio alikipenda kitabu kile kwa namna iliyomshangaza. Aliunguza maharagwe kwa sababu yake. Aligombana na Harriet kwa sauti akiwa peke yake jikoni, akimwambia asimfungulie mlango yule jirani mwenye fimbo. Katika sura ya nne alijifunza kwamba puti huchanganywa kwa chaki na mafuta ya kitani. Katika ya saba, kwamba tofali huloweshwa kabla ya kujengwa, la sivyo linakunywa maji ya saruji. Lakini hayo yalikuwa faida ya ziada. Kilichomfurahisha ni kwamba kuna mtu, mahali fulani, aliyeona kuwa mwanamke akiziba mfereji wa maji anatosha kuwa hadithi.

Furaha ile haikumtosha peke yake. Alasiri wanawake walipokuja kupukuchua mahindi kwenye veranda yake, aliwasomea, akitafsiri sentensi kwa sentensi. Alitafsiri kwa Kiswahili kwa sababu ya Nanzala, jirani aliyetoka pande za Kakamega na ambaye mumewe, Wanyonyi, alikuwa karani wa maziwa. Nanzala ndiye aliyekuwa wakili wa Tomasi. Alishikilia kwamba mwanamume anayepima mlango mara mbili kabla ya kuukata hawezi kuwa mwizi, na wengine walipobisha aliwarushia magunzi.

Sasa, Harriet yule, kila anapozungumza, husema nyumba hii. Nitafia katika nyumba hii. Hakuna atakayenitoa katika nyumba hii. Nyakio alitafsiri alichokiona. Hakuwaza kwamba chini ya veranda, mahali penye kivuli ambapo Kabiru alipenda kutia mipini kwenye majembe, sauti hufika na midomo haionekani. Jumanne alisoma sura ya kumi na tisa, ambamo Harriet anamwambia jirani: kuna kitu kimefichwa nyuma ya dohani ya nyumba hii, na kuna mtu anayekijua. Chini, nyundo ya Kabiru ilinyamaza. Nyakio alikumbuka baadaye kwamba aliisikia ikinyamaza.

"Kitabu kilitoka ndani ya nyumba," Kabiru alisema sasa, amesimama katikati ya masizi. "Kimeandikwa na mzungu. Kinasema nyumba hii. Mimi ningejua aje ni nyumba ingine?"

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniita." Aliyasema maneno haya kwa sauti ya chini, na ndipo Nyakio alipoona kwamba naye ana hasira, tena si ya jana. "Mwezi mzima unasomea wanawake. Hata mke wa Wanyonyi anajua yaliyomo. Mimi ni wa kusikia kutoka chini ya mbao, Mama Waceke?"

Alimwita kwa jina la mtoto wao kama siku zote, na hilo lilimkasirisha Nyakio kuliko ukuta. Kabiru hakujua kusoma. Hakuwahi kulisema jambo hilo na Nyakio hakuwahi kulitaja, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa yao walikuwa wamelizunguka kama watu wanavyozunguka kisima kisicho na ukingo. Alimwambia aloweshe matofali mazima yote kwenye pipa. Kisha akatoka, na kitenge chake bado kina vumbi la barabara ya mjini.

Alimkuta Zachariah nyumbani kwake, mezani, kitabu kimefunguliwa mbele yake na penseli nyekundu mkononi. Alimkaribisha kwa heshima zote, akaagiza chai. Mtu mwenye hasira akiletewa chai huona anadhihakiwa, na Nyakio hakuigusa. Aliomba kitabu chake.

Mwenyekiti alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kitabu kilipatikana ndani ya nyumba ya kampuni na kwa hiyo ni mali ya kampuni. Alikuwa amekwisha kukiandika kwenye orodha, baada ya jembe la ng'ombe na kabla ya mikebe ya maziwa. Kiingereza chake hakikutosha kukisoma chote, lakini alikuwa amepitia kila ukurasa akitafuta maneno anayoyajua, na kila alipolikuta neno alilipigia mstari. Akamwonyesha. Chimney, mistari kumi na minne. Hidden, yaani kufichwa, tisa. Halafu akafungua ukurasa wa nane na kukigeuza kitabu upande wake, kama mwalimu aliyemshika mtoto akiiba majibu.

"Na hapa," alisema. "Golden, ya dhahabu. Hii nayo utasema ni nini?"

"Ni nywele zake, Mwenyekiti."

"Za nani?"

"Za Harriet. Ni mtu wa hadithi. Hiki kitabu ni cha mapenzi."

Zachariah alilitazama tena lile neno. Alikuwa tayari kuamini kwamba mwanamke yule ni mwongo, hata kwamba ni mwerevu. Lakini kwamba mtu mzima, mama wa mtoto, amepanda paa mwaka mzima akifuata hadithi ya mapenzi, hilo lilikataa kuingia. Alisema kampuni haiwezi kufanywa mtoto. Nyakio akamuuliza ni nani aliyeamuru ukuta uvunjwe siku tatu kabla ya ukaguzi. Mwenyekiti akajibu kwamba ukuta ulivunjwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Hapo ndipo Nyakio aliposimama. Alimwambia kwamba anataka kuelewa hesabu ya kamati. Nyumba ikiwa ya kutunzwa ni ya kampuni, ikiwa ya kubomolewa ni ya Kabiru. Kitabu kikiwa na dhahabu ni cha kampuni, kikiwa na nywele ni uongo wake. Basi Jumamosi waje wote, wanahisa na wake zao, akae mbele yao awasomee sura iliyobaki. Mwenyekiti alete kitabu mwenyewe, akishike mpaka dakika ya mwisho asije akasema kimechezewa. Na neno lolote wanalolijua, walitafute kwa macho yao.

Zachariah alikubali haraka kuliko Nyakio alivyotarajia. Nyakio alijua kwa nini. Mtu aliyepiga mistari yote ile alitaka kujua mwisho kama yeye.

"Lakini mambo ya kuvuja yako pale pale," Mwenyekiti alisema akimsindikiza mlangoni. "Niliandika hata tone."

Alhamisi na Ijumaa walijenga. Nyakio alijenga, Kabiru alichanganya saruji na kumpa matofali, na kati yao hapakuwa na neno isipokuwa lete na shika. Kabiru hakupumzika. Alipanda paani mwenyewe, mchana kweupe, watu wakipita na kusalimu, akalirudisha bati lililokunjwa kuzunguka shingo ya dohani. Alilipiga misumari akiwa amelala kifudifudi. Nyakio aliyaona hayo na hakulainika. Alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusimama mkutanoni, amechoka kulinda kitu ambacho mwenzake anakivunja kwa kusikia neno moja. Alimhesabia makosa yake yote tangu harusi, na kila alipofika kwenye lile la kusikilizia chini ya veranda aliliruka, kwa kuwa hakuwa na hakika liandikwe kwa nani.

Ijumaa alasiri, akimpa tofali, Kabiru aliuliza bila kumtazama.

"Huyo Tomasi. Ni yeye alikuwa anatoa matofali?"

Nyakio alilichukua tofali, akalipaka saruji, akaliweka mahali pake, akaligonga kwa mpini wa mwiko. "Sijui," alisema. "Mwenyekiti ana kitabu."

Mvua haikungoja. Jumamosi saa nane mbingu ilikuwa imeshuka hadi kwenye ncha za misonobari, na saruji ya ukuta bado ilikuwa mbichi. Ukiibonyeza kwa kidole inaacha alama. Watu waliingia sebuleni wakipangusa miguu, wakaketi kwenye mabenchi ya kanisa na magunia ya mahindi, waliokosa wakasimama. Nanzala alijipatia nafasi mbele kabisa. Zachariah alikaa kwenye kiti pekee chenye mikono, daftari pajani, akakitoa kitabu kwapani na kumkabidhi Nyakio mbele ya wote. Mtu alimpa Kabiru kiti. Alikataa. Alikwenda akasimama kwenye mahali pa moto, mgongo wake umegusa ukuta mpya, mikono ameikunja kifuani, amevaa koti lake la kanisani.

Nyakio alisoma. Safari hii alikuwa mwangalifu. Kila Harriet aliposema nyumba hii, Nyakio alisema nyumba ile, na baada ya mara ya tatu aliongeza, ile ya kwao kando ya bahari, si hii, na watu wakatikisa vichwa kuonyesha wamesikia. Alisoma jinsi Harriet anavyojificha nyuma ya pazia ili amnase mwizi wa matofali. Mvua ikaanza. Ilianza kwa matone mazito ya kuhesabika juu ya mabati, kisha ikamiminika yote, na ikambidi apaaze sauti. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyetazama dari. Wanaume waliokuja kutafuta tone walikuwa wamemkodolea macho, kwa sababu mlango wa Harriet ulikuwa unafunguka.

Alikuwa Tomasi. Minong'ono ilipita kwenye mabenchi, na Nanzala akafumba macho kama mtu aliyefiwa. Lakini Tomasi hakuwa akiiba. Baba yake, fundi kama yeye, ndiye aliyeijenga dohani ile, na alipokuwa akifa alimwambia mwanawe kwamba shangazi ya Harriet aliahidi kumwachia yeye baba jibu la posa yake nyuma ya tofali. Hakusema tofali lipi. Tomasi anaondoa tofali la mwisho mbele ya Harriet. Ndani kuna mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe kuna barua, mstari mmoja: njoo, nimekubali. Imekaa pale miaka arobaini na hakuna aliyeisoma.

"Barua tu?" Zachariah aliuliza.

"Barua tu, Mwenyekiti."

Aliishusha penseli. Nyuma mtu alicheka, akanyamazishwa. Nanzala alikuwa analia waziwazi, akiwaambia walio karibu kwamba alisema, si alisema.

Nyakio aliinua macho ili avute pumzi, na akamwona Kabiru. Hakuwa amebadilisha mkao tangu mwanzo. Maji yalikuwa yanateremka kutoka nyuma ya shingo yake, yakiingia ndani ya kola, na bega moja la koti la kanisani lilikuwa limegeuka jeusi. Kwenye mguu wa suruali palikuwa na mstari wa maji ya rangi ya saruji, ukishuka polepole hadi ndani ya kiatu. Aliubana mgongo ukutani kwa nguvu zote, akiziba mahali panapovuja. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesikiliza hadithi.

Hasira haikumtoka. Aliitafuta akaikuta pale pale, nzima, na alijua ataamka nayo kesho. Lakini kulikuwa na kitu kando yake sasa, na hakuwa na nafasi ya kukitazama, kwa sababu watu walikuwa wanangoja na ulibaki mstari mmoja. Tomasi amemuuliza Harriet kama sasa atauza aende zake. Harriet anajibu.

"Anasema," Nyakio alisoma, "siendi popote. Nitakaa katika nyumba..."

Alisita. Mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati. Zachariah alikuwa ameanza kugeuza kichwa, polepole, kuelekea dari.

"Hii," Kabiru alisema kutoka ukutani. "Soma vile imeandikwa, Mama Waceke. Nyumba hii."